Apdeti ya BIOS imeigeuza laptopu yangu kuwa pasi, na kampuni haitaki nirudi toleo la zamani

Wakuu, salaam. Mnivumilie leo, nina hasira.

Laptopu yangu ni ya kazi: hesabu za wateja, na mara mojamoja kukata video za harusi. Prosesa ni Intel i5-8250U, ya wati 15, na feni ilikuwa haisikiki mpaka nianze kutoa video iliyokamilika (render). Wiki iliyopita nikaizima usiku kama kawaida, Windows ikapitisha apdeti zake, na ndani yake kulikuwa na BIOS mpya, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine na kusimamia vifaa vyake. Hakuna aliyeniuliza. Tangu hapo feni hailali. Nikifungua Excel tu, inaunguruma mpaka chumba cha pili.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada wa watu akanijibu kwa upole: "Kaka, jaribu kusafisha vumbi." Vumbi gani hilo linaloingia usiku mmoja, tena sambamba na apdeti? Fundi alishaifungua kabla ya hapo, akaisafisha na kupaka pesti mpya ya kupitisha joto.

Kwa wasiojua: kwenye laptopu nyingi feni haiongozwi na Windows. Kuna chipu ndogo kwenye bodi yenye jedwali lake, joto likifika hapa zunguka hivi, likifika pale ongeza. Mara nyingi jedwali hilo huja pamoja na BIOS. Yangu zamani ilikuwa inaanza kuzungusha karibu nyuzi 60. Sasa inaanza 45. Aliyekaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi huenda asione tofauti. Mimi niko Dar, chumba kina nyuzi 32, na prosesa isiyofanya chochote inasoma 48. Sasa hiyo feni itazima saa ngapi? Saa nane za usiku?

Na joto nalo. HWiNFO, programu ya kusoma joto na umeme wa mashine, inaonyesha kikomo cha wati za muda mrefu kimepandishwa kutoka 15 hadi 25. Sawa, Intel wanairuhusu prosesa hii kufika huko, lakini bomba la shaba la kutolea joto ni lilelile jembamba! Nikitoa video inagonga nyuzi 97, kisha inajipunguza mwendo yenyewe. Kelele nimepata, joto nimepata, na video inachukua muda uleule.

Zamani ningepunguza volti za prosesa kwa programu ya ThrottleStop, joto likashuka, mambo yakatulia. Sasa imefungwa. Hili nalielewa, maana Desemba 2019 ilitangazwa hitilafu ya usalama ya Plundervolt, inayopitia hukohuko kwenye kubadili volti, na Intel wakaleta njia ya kufunga mlango huo. Usalama sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni maelezo ya apdeti, mstari mmoja tu: "Inaboresha uthabiti na usalama." Kuhusu feni, kimya. Kuhusu wati, kimya. Nimejaribu kurudisha toleo la zamani, inakataa, eti haliruhusiwi. Mashine nimenunua kwa hela yangu, halafu kelele yake anaamua mtu mwingine!

Na wasituambie haiwezekani kusema ukweli. Julai 2018 MacBook Pro mpya zilikuwa zinapunguza mwendo kupita kiasi zikipata joto. Apple wakakiri hadharani kuwa kosa liko kwenye programu ya ndani ya mashine, wakaomba radhi, wakatoa marekebisho. Hawa wangu wananitajia vumbi.

Kwa sasa nimeshusha kiwango cha juu cha prosesa hadi 99% kwenye mipangilio ya umeme ya Windows. Hapo turbo, yaani mwendo wa ziada wa prosesa, inakufa, inabaki gigahezi 1.6, feni inapumua kidogo. Lakini mimi nililipia 3.4 za turbo.

Mwenye kumjua fundi Kariakoo anayeweza kuandika upya chipu ya BIOS kwa programa (kifaa cha kuandikia chipu), bila kuniulia bodi, anishtue PM na bei. Na kama una laptopu ya 8250U iliyopitiwa na apdeti hii, weka hapa joto lako la kabla na la baada, tuwapelekee wakiwa wamekaa.