Je, bodi ya wakurugenzi ina athari yoyote katika ukweli wa hesabu za kampuni?

MwanahisaMdogo ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina hisa chache katika kampuni mbili zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kila mwaka kabla ya mkutano mkuu hujitahidi kusoma taarifa nzima ya mwaka, si ukurasa wa gawio peke yake. Kila mara nakutana na kurasa nyingi zinazohusu utawala bora: picha za wakurugenzi, idadi ya vikao, nani alihudhuria na nani alitoa udhuru, kamati ya ukaguzi ina wajumbe wangapi na wangapi kati yao ni huru, yaani hawana kazi wala maslahi mengine katika kampuni. Je, mambo hayo yana athari yoyote katika ukweli wa hesabu zinazofuata, au ni mapambo ya kumridhisha mdhibiti? Nauliza kwa sababu benki zilizoanguka nchini Kenya mwaka 2015 na 2016 zilikuwa na bodi na zilichapisha hesabu zilizokaguliwa. Ikiwa vyote hivyo vilikuwapo, mwanahisa wa kawaida atazame nini?

Mkaguzi wa Ilala amejibu:

Ndugu, athari ipo, ila haionekani kwenye idadi ya vikao. Sehemu kubwa ya hesabu za kampuni ni makadirio. Tangu IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mikopo na mali nyingine za kifedha, kianze kutumika tarehe 1 Januari 2018, benki inatakiwa kukadiria hasara inayotarajiwa katika mikopo yake hata kabla mkopaji hajaacha kulipa, na anayefanya makadirio hayo ni menejimenti, ambayo mara nyingi bonasi yake hutegemea faida ileile inayokadiriwa. Kamati ya ukaguzi inayouliza kwa nini tengo la hasara, yaani kiasi kilichotengwa kufidia mikopo isiyolipwa, limeshuka wakati marejesho yaliyochelewa yameongezeka itasababisha tarakimu zirekebishwe kabla mimi mkaguzi wa nje sijafika. Kamati isiyouliza inaniacha ana kwa ana na mtendaji mkuu ambaye, kwa vitendo, ndiye aliyependekeza niteuliwe na ndiye atakayependekeza nisirudi mwakani, ingawa kwenye karatasi wanaoniteua ni wanahisa.

Imperial Bank ya Nairobi inaonyesha jambo hili vizuri. Mtendaji mkuu wake alifariki Septemba 2015, na mwezi uliofuata bodi yenyewe ilikwenda Benki Kuu ya Kenya kueleza kwamba imegundua kasoro nzito. Tarehe 13 Oktoba 2015 benki ikawekwa chini ya usimamizi wa Shirika la Bima ya Amana, muda mfupi baada ya kukusanya shilingi bilioni 2 za Kenya kwa kuuza hatifungani. Mimi naisoma habari hiyo hivi: ikiwa kasoro za kiwango kile zinafika mezani kwa wakurugenzi baada tu ya mtu mmoja kuondoka, basi taarifa walizokuwa wakizipata zilikuwa zikipita mikononi mwake. Bodi ya namna hiyo hata ingekuwa na wajumbe huru kumi isingesaidia kitu.

Mhadhiri wa Uhasibu amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, na naongeza yale ambayo utafiti umeonyesha, kwa tahadhari. Mwaka 1996 Mark Beasley alilinganisha kampuni 75 za Marekani zilizobainika kughushi taarifa za fedha na nyingine 75 ambazo hazikubainika, akaona kwamba zile zilizoghushi zilikuwa na sehemu ndogo zaidi ya wakurugenzi kutoka nje ya menejimenti. Watu husahau matokeo yake mengine, kwamba kuwapo kwa kamati ya ukaguzi peke yake hakukuleta tofauti ya maana. Mwaka 2002 April Klein alionyesha kwamba pale kamati ya ukaguzi ilipokuwa huru zaidi, marekebisho ya kihasibu yasiyo ya kawaida, yale yanayotumiwa kupandisha au kushusha faida, yalikuwa madogo zaidi.

Hata hivyo, uhusiano huo hauthibitishi kipi kilitangulia. Kampuni yenye menejimenti adilifu haiogopi kualika wakurugenzi wakali, kwa hiyo huenda uadilifu huo ndio unaozaa yote mawili, bodi nzuri na hesabu nzuri. Wanafunzi wangu wengi hulipita jambo hili haraka wanapoandika tasnifu.

Kwa wale wanaodhani kwamba tatizo ni uhaba wa ujuzi wa uhasibu, wakumbuke Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001. Mwenyekiti wa kamati yake ya ukaguzi, Robert Jaedicke, alikuwa profesa wa uhasibu na mkuu wa zamani wa shule ya biashara ya Stanford. Ripoti ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ya Julai 2002 ilieleza kwamba tangu Februari 1999 wakaguzi wa Arthur Andersen, waliokagua hesabu za Enron, waliiambia kamati hiyo ya ukaguzi kuwa baadhi ya mbinu za kihasibu za kampuni zilikuwa na hatari kubwa. Mwaka huohuo bodi ilimruhusu mkuu wa fedha, Andrew Fastow, kuendesha kampuni binafsi zilizofanya biashara na Enron, jambo ambalo bila idhini hiyo lingekuwa kinyume cha kanuni za maadili za kampuni yenyewe. Kwa hiyo ujuzi ulikuwapo na onyo lilitolewa mapema. Walichokosa wakurugenzi wale ni utayari wa kumkatalia mtu aliyekuwa akiwaletea faida.

Katibu Mstaafu amejibu:

Wanangu, nimekuwa katibu wa kampuni kwa miaka mingi, na nitasema yale yasiyoandikwa kwenye taarifa ya mwaka. Kwanza, msihadaike na wingi wa vikao. Penye posho ya kikao, vikao huzaliana. Nimewahi kuona kamati ikikutana mara tatu kujadili jambo ambalo lingemalizika kwa barua moja, na mwisho wa mwaka tukaliandika hilo kwa fahari kama dalili ya usimamizi makini.

Pili, ulizeni kabrasha, yaani nyaraka za kikao, humfikia mjumbe lini. Katika kampuni moja ambayo sitaitaja, kabrasha la kurasa zaidi ya mia mbili liligawiwa Ijumaa jioni kwa kikao cha Jumatatu asubuhi, na hesabu za robo mwaka zilikaa nyuma kabisa, baada ya mipango ya sherehe za wafanyakazi. Mpangilio ule haukuwa wa bahati mbaya. Walipofika kwenye hesabu ilikuwa saa nane mchana na chakula kilikuwa tayari.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote: mkaguzi wa ndani anaripoti kwa nani? Ikiwa ripoti yake hupitia kwa mtendaji mkuu ili isawazishwe kabla ya kufika kwenye kamati, kamati itasoma kile ambacho mtendaji ameridhia wakisome. Pale nilipoona mambo yakienda vizuri, mkaguzi wa ndani aliajiriwa na kupandishwa mshahara kwa uamuzi wa kamati, na kila kikao kilikuwa na dakika thelathini ambapo menejimenti yote ilitoka nje akabaki yeye na wajumbe.

MwanahisaMdogo ameandika:

Nashukuru, wakuu, na shikamoo Mzee Katibu. Lakini mimi siingii kwenye chumba cha bodi wala silioni kabrasha. Katika taarifa iliyochapishwa nitafute wapi?

Mkaguzi wa Ilala amejibu:

Anzia kwenye maelezo yanayohusu miamala na watu au kampuni zenye uhusiano na wakurugenzi, uyalinganishe na ya mwaka uliotangulia. Chase Bank ya Kenya ilichapisha hesabu za mwaka 2015 mara mbili, na katika toleo la pili mikopo waliyopewa wakurugenzi na wafanyakazi ilikuwa mikubwa mno kuliko katika toleo la kwanza. Tarehe 7 Aprili 2016 ikawekwa chini ya usimamizi. Kisha soma ripoti yangu mimi mkaguzi, usiishie kwenye neno la kuridhika. Kwa kampuni zilizoorodheshwa, ripoti za miaka ya fedha inayoishia tarehe 15 Desemba 2016 na kuendelea zinatakiwa kutaja mambo yaliyotusumbua zaidi katika ukaguzi. Baada ya hapo fungua taarifa ya kamati ya ukaguzi utazame kama mambo hayohayo yametajwa huko na kamati imesema ilifanya nini. Mkaguzi akiandika kurasa mbili kuhusu ukadiriaji wa mikopo, na kamati ikaandika tu kwamba ilitekeleza majukumu yake kikamilifu, una swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu. Muulize mwenyekiti wa kamati mwenyewe, na usikubali mkuu wa fedha amjibie.

Mhadhiri wa Uhasibu amejibu:

Ongeza na muda wa wajumbe kwenye bodi. Kanuni za utawala bora za mwaka 2015 za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya zinataka angalau theluthi moja ya bodi iwe ya wakurugenzi huru, na mtu aliyekaa zaidi ya miaka 9 hahesabiwi tena kuwa huru. Tarehe za uteuzi huwa chini ya zile picha ulizozitaja.