Watu wazima Kigoma: nisubiri sentensi zinyooke kwanza, au niingize vitenzi vya maneno mawili sasa hivi?

Mwalimu wa Jioni (Kigoma)

Wakuu, heshima zenu. Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Mwanga, Kigoma mjini, jioni watu wakishatoka kazini. Ninao wavuvi, akina mama wa dagaa, fundi wa injini za boti, walinzi wa gesti, na kijana mmoja anayepeleka wageni Gombe. Wengi waliishia darasa la saba, yaani kila somo walilipata kwa Kiswahili na Kiingereza kilikuwa kipindi tu cha ratiba.

Mahudhurio yangu yanafuata mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa hawasogelei taa, wavuvi wanabaki nchi kavu na mimi nakosa viti. Giza likirudi nabaki na walinzi na akina mama. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, ndiyo nilifundisha kwa raha. Kwa hiyo habari ya kufuata kitabu sura kwa sura hapa haipo. Kila jioni lazima ijitegemee.

Sasa sikilizeni sentensi zao. "My father he is sick." "The fish which I bought it is small." "You are going where?" "Is raining." Hakuna anayebahatisha hapo. Anayesema "my father he" ameibeba ile a- ya "baba anaumwa". Anayesema "which I bought it" ameitafuta ile -m- ya "niliyemnunua" na akaipata. Anayesema "you are going where" ameliacha swali mahali ambapo "unaenda wapi" huliacha. Hayo nayamudu: naandika sentensi ya Kiswahili ubaoni, tunaikata vipande, kila kipande tunakiuliza Kiingereza kinakiweka wapi, na kipi kinatupwa.

Kinachonitoa jasho ni hivi vitenzi vya maneno mawili: put off, look after, give up. Mimi naviita vitenzi vyenye mkia. Kitabu nilichonacho kimevipanga kwa kitenzi: ukurasa mzima wa look, halafu ukurasa mzima wa put. Mzee mmoja mvuvi akaniuliza, "Mwalimu, hawa Waingereza kitenzi wanacho kimoja tu, wanakibadilishia kofia?" Kesho yake mama mmoja akaniambia "I am looking after my phone", akimaanisha anaitafuta (looking for), na simu yenyewe imeibiwa sokoni. Halafu darasa zima, bila kuambizana: "turn off it".

Nisubiri sentensi zinyooke ndipo niviingize, au vyote viende pamoja? Naomba uzoefu. Nadharia ya chuoni niliisoma, haikusema kitu kuhusu mtu aliyekesha ziwani.

Bibi Chaki (Tabora)

Mwalimu mwenzangu, usisubiri. Hiyo "turn off it" yako ni kosa la sentensi hilohilo, limevaa nguo nyingine. Mwanafunzi hajui yambwa, yaani kile kinachotendewa, ikae wapi, basi.

Mimi hapa nina vijana wa tumbaku na wa asali, na wachache wa stesheni. Hili nawafundishia kwa Kiswahili chao. Naandika "zima taa". Taa iko nje ya kitenzi, sivyo? Turn off the light. Halafu naandika "izime". Taa imegeuka -i-, na hiyo i- imejibana kwenye kitenzi chenyewe, haining'inii nyuma. Nawauliza: Kiingereza nacho kikifanya taa kuwa "it", utaibana wapi? Wanasema wenyewe: katikati. Turn it off. Vaa shati, livae: put on the shirt, put it on. Jaza tangi, lijaze: fill up the tank, fill it up. Jioni moja inatosha, na hapo umefundisha yambwa na mkia kwa chaki ileile.

Kiingereza kinaruhusu pia "turn the light off". Hilo waambie, lakini usilifanye somo. Atakayelisikia atalielewa.

Na huo ukurasa wa look uchane. Simaanishi utani.

Mpita Njia wa Kasulu

Shikamoo Bibi Chaki. Hiyo ya "izime" naichukua kuanzia leo, ila ina shimo lake. "Litafute" nalo limebana yambwa, lakini huwezi kusema "look it for". Ni look for it. "Mtunze" ni look after him, huwezi kumweka katikati. Mwanafunzi mwenye akili atakukamata hapo, na watu wazima ndivyo walivyo, wanapenda kumkamata mwalimu.

Mimi huwa nawapa sikio. Semeni kwa sauti: turn it OFF, put it ON, pick him UP. Nguvu inaangukia mkia. Sasa semeni: LOOK for it, WAIT for me, LISTEN to her. Nguvu iko mbele, mkia umemezwa. Kwa kawaida mkia unaopigwa kwa nguvu ndio unaokubali "it" ipite katikati. Haikosi vichwa ngumu: look after yenyewe inavuruga hesabu, hiyo waikariri tu. Lakini wavuvi wana sikio, watu wanaoimba wakivuta nyavu. Hawataki jedwali.

Jambo la pili. Huku kwetu nafundisha pia watu waliosoma Kongo na Burundi, Kifaransa wanacho. Hao hawana shida yako kabisa, wana ya kinyume. Mikia wanaikwepa. Jamaa anakuambia "extinguish the generator" na "I descended from the bus" kama hakimu, maana maneno hayo yana ndugu zake kwenye Kifaransa. Ukiwachanganya na wa darasa la saba kwenye benchi moja, wanasaidiana vizuri kuliko unavyodhani: huyu ana neno refu, yule ana neno fupi, na kitu ni kilekile.

Msema Kweli

Ndugu zangu, kwa nini mnawatesa hawa watu? Mwenye "postpone" ana haja gani na "put off"? Neno moja, maana moja, mkia hakuna. Wafundisheni maneno mazima waende zao.

Mwalimu wa Jioni (Kigoma)

Msema Kweli, kwa mama wa dagaa nakubaliana nawe nusu. Kwa kijana wa Gombe nakataa. Gombe huendi kwa gari, ni boti tu, na kwenye boti mgeni haongei kitabu. Anauliza "What time do we set off?" Anapiga kelele "Hang on!" akiwa mguu mmoja gatini. Kijana atasema anavyojua, ila kusikia lazima asikie, na mgeni hamchagulii maneno. Naye akisema "slow down" au "watch out" wimbi linapokuja, hana muda wa kutafuta neno refu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Vya kusikia vitakuwa vingi, na sitadai mtu avitamke. Vya kusema vichache, kila mtu kwa kazi yake. Mlinzi: lock up, let in, find out. Fundi: take out, put back, switch on. Wa boti: get on, get off, hold on, tie up. Na get on namwonya mapema kuwa boti haipiti katikati: get on the boat, get on it. Akiigeuza mbele ya wageni watacheka na hatajua kwa nini, na mimi sitamweleza.

Bibi Chaki, marahaba zako ziko kwa huyo wa Kasulu, mimi nakupa shikamoo yangu. Jana usiku nilijaribu "izime" yako kwa fundi wa injini, tukiwa wawili tu kwenye baraza. Akazima genereta kweli, akasimama gizani akasema "I turned it off", akawasha tena, "I turned it on". Majirani walilalamika.

Swali la nyongeza tu: run out of ina mikia miwili. Mnaifanyaje?

Bibi Chaki (Tabora)

Marahaba wanangu wote wawili. Hiyo usiikate. Wape nzima kama jina la mtu: run-out-of. We have run out of petrol, we have run out of ice, we have run out of salt. Kila mtu ataje kitu kilichomwishia wiki hii. Nakuhakikishia hawatakosa mfano.

Mpita Njia wa Kasulu

Na sukari.