Eti "futa kache", yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari kimehifadhi! Mbele ya mteja!

Wakuu, nina hasira hapa mpaka kibodi inaniogopa. Mnamjua namsema nani. Kila timu ya Java inaye wake. Yule wa "mimi naandika servlet ninyi mko chekechea".

Leo kikaoni, bosi yupo, mteja yupo, mteja analalamika ukurasa bado ni ule wa zamani. Sijafungua mdomo, jamaa kakohoa: "Afute kache. Kwangu inafanya kazi." Halafu akanigeukia: "Na wewe jifunze kufuta kache kabla ya kulalamika."

KABLA YA KULALAMIKA. Mbele ya mteja!

Kwake inafanya kazi kwa sababu DevTools zake (zile zana za msanidi ndani ya kivinjari) hazifungwi tangu azaliwe, na kile kiboksi cha kuzima kache kina tiki ya milele. Sisi binadamu wa kawaida tunaletewa kilichohifadhiwa. Nimekodolea logi za Tomcat, seva yetu ya Java, mpaka machozi yakanitoka: si 200 (sawa, chukua), si 304 (nakala yako bado ni ile ile), ombi halifiki kabisa. Nikapiga curl -I kuona vichwa vya jibu la seva, ona mambo haya:

Cache-Control: max-age=31536000

Yaani kivinjari kitumie nakala yake bila kuuliza, kwa sekunde za mwaka mzima! Kwenye HTML! Kwenye JSON! Kaweka nani? Filta YAKE (msimbo ambao majibu hupitia), url-pattern /* yaani kila anwani, git blame (rekodi ya nani kaandika mstari upi) inamtaja yeye. Spring Security yenyewe, fremuweki ya ulinzi, huweka no-store (usihifadhi) bila kuombwa, ila ikikuta umeshaweka Cache-Control yako inakuachia. Ikamwachia. Yaani hata fremuweki ina adabu kumshinda.

"Jifunze kufuta kache." Mimi! Sasa watumiaji wote niwapitie nyumba kwa nyumba kama karani wa sensa, wabonyeze Ctrl+F5?

Siombi ushauri. Mbele ya mteja jamani!!

Kichwa_Ngumu: Pole mkuu. Ila hujasema, kache ulifuta? 😂

SemikoloniKuu: 😂😂😂 huyo hapo juu apewe soda

Mleta uzi: Kichwa_Ngumu, wewe ndiye yeye. Kiri tu.

BintiSeva: Afadhali wako kaka. Wetu aliweka 301 (umehama moja kwa moja) kwenye ukurasa wa kuingia, eti anajaribu. Jioni akaiondoa, lakini vivinjari vimeshakariri. Hadi leo kuna watu wanapelekwa kwenye anwani iliyokufa. 302, ile ya kuhama kwa muda, ingemuuma nini?

Mzee_wa_JSP: Vijana mna papara. Simamisha Tomcat, futa saraka ya work, JSP (kurasa za Java za upande wa seva) zitajengwa upya.

Mleta uzi: Mzee wangu shikamoo, lakini ombi HALIFIKI Tomcat. JSP inaingiaje?

Mzee_wa_JSP: Marahaba. Futa tu.

NullTena: Si angeweka no-cache, kivinjari kisihifadhi kitu, kesi imeisha.

BintiSeva: Haya, mwingine huyu. no-cache inahifadhi vizuri tu, ila lazima kiulize seva kwanza kabla ya kutumia. ETag (alama ya toleo la ukurasa) ikilingana unapewa 304, basi. Ya kukataza kuhifadhi ni no-store.

NullTena: Sasa nani aliwatuma waite hivyo?

Pointa_Tupu: Ninyi mna raha. Wetu anarudisha 200 kwa kila kitu. Hifadhidata imekufa, 200. Nenosiri bovu, 200, ndani kaandika success: false. Mfumo umelala siku nzima, kengele ya tahadhari kimya, maana kwake kila kitu ni kijani.

Kichwa_Ngumu: Tatizo liko wapi? 200 maana yake seva imejibu.

Pointa_Tupu: MNAMUONA?

SemikoloniKuu: Kumbe tunaishi nao humu humu

Kichwa_Ngumu: Mfumo wangu unakwenda bila shida. Wenu wenye misimbo ya makosa ya kupendeza, 404 na 500, unakwenda?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye kache. Mbele ya mteja…

BintiSeva: Kaka subiri kidogo, huyu wa 200 tumalizane naye kwanza. Kichwa_Ngumu, mtu akikosa ruhusa unarudisha nini?

Kichwa_Ngumu: 200.