Zuhura na Mshtarii zikikaribiana jioni: nipige vipi picha zisitoke kama taa za gari?

SWALI

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naishi Unguja mjini na napiga picha kwa kamera ya kubadilisha lenzi. Mwanzoni mwa Machi 2023, sayari za Zuhura (Venus) na Mshtarii (Jupita) ziliposogeleana upande wa magharibi hadi zikabakiwa na nafasi ya karibu nusu digrii, ambayo ni upana wa mwezi mpevu, niliteremka ufukweni na tripodi nikapiga picha zaidi ya themanini. Kwa macho yalikuwa mandhari ya kupendeza mno. Nilipozifungua kwenye kompyuta nikakuta mabaka mawili meupe yaliyovimba, anga limepauka, na ngalawa iliyokuwa mbele imegeuka kivuli kilichotikisika. Lenzi ilikuwa ya milimita 50, na mwanga niliiachia kamera ijipimie yenyewe. Tarehe 9 Juni 2026 sayari hizo hizo zitakaribiana tena jioni, safari hii zikiachana kwa takriban digrii 1.6. Naomba mnieleze nilikosea wapi, maana sitaki jioni hiyo nayo inipotee.

JIBU LA KWANZA

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kosa lilianza pale ulipoiachia kamera hesabu ya mwanga. Kamera hutazama fremu nzima, na kwa kuwa sehemu kubwa ni giza, huamua kuacha shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) wazi kwa muda mrefu ili giza lote liwe kijivu. Sayari, ambazo ni nukta ndogo zenye mwanga mkali, huungua zamani. Siku ile Zuhura ilikuwa iking'aa takriban mara 6 kuliko Mshtarii, kwa hiyo hata pale Mshtarii ilipotoka vizuri, mwenzake lazima alikuwa ameshavimba. Weka kila kitu kwa mkono: anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, tundu la lenzi f/4, shata wazi sekunde moja, kisha tazama picha na upunguze au uongeze. Hifadhi picha ghafi (RAW), si zile ambazo kamera imekwisha kuzibana, ili uweze kuinua ngalawa baadaye bila kuharibu anga.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni saa. Huku karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na utusitusi hauchelewi kwisha kama unavyochelewa Ulaya. Mwezi Juni jua la Unguja huzama kama saa 12 na robo jioni. Kuanzia saa 12:35 hadi saa 12:50 hivi anga huwa na buluu nzito, bahari bado inaonekana, na sayari tayari zimekoza. Dakika hizo kumi na tano ndizo zako. Ukichelewa, anga huwa jeusi na hakuna mpangilio wa kamera utakaokurudishia ile buluu.

JIBU LA PILI

Naongezea kuhusu fokasi, kwa sababu nahisi mabaka yako hayakutokana na mwanga peke yake. Zima fokasi ya kujiendesha, kuza nukta ya Zuhura kwenye kioo cha nyuma cha kamera mara kumi, kisha zungusha pete polepole mpaka nukta iwe ndogo kuliko zote. Usiiamini alama iliyochorwa kwenye lenzi. Vua pia kichujio cha kinga, kwa kuwa nukta kali kama Zuhura hujirudia ndani ya vioo vyake na kuzaa doa la kijani upande wa pili wa picha. Na kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine: ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi hushika ukungu papo hapo, na chumvi ya bahari huacha utando ambao huuoni mpaka uelekeze tochi kwenye kioo. Toa kamera nje nusu saa kabla.

Ngalawa yako ilitikisika kwa sababu ilikuwa ikielea. Chagua iliyokwama mchangani maji yakiwa yametoka. Juni ni msimu wa upepo wa kusi, hivyo usiuinue mhimili wa kati wa tripodi, na uning'inize mkoba chini yake.

MUULIZAJI

Nimeelewa, ahsanteni sana. Je, nibaki na hiyo ya milimita 50, au niazime ya milimita 200?

JIBU LA TATU

Ukiweza, beba zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Ya 50 itakupa sayari, bahari na vyombo. Ila digrii 1.6 ndani ya fremu pana kiasi hicho ni nafasi ndogo, kwa hiyo mpangilio wa vitu vya chini ndio utakaobeba picha. Ya 200 huchukua upana wa digrii 10 hivi kwenye kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga) kikubwa, na hapo sayari mbili zitaonekana kweli ni jozi. Ukiacha shata wazi sekunde moja giza likishaingia, utaona vinukta vidogo vimejipanga kando ya Mshtarii: hiyo ni miezi yake minne ambayo Galileo aliigundua mwaka 1610. Usizidishe sekunde mbili, kwa sababu dunia inazunguka na nukta zitakuwa vistari.

Wewe una bahati ambayo sisi wa Dar es Salaam hatuna: bahari yetu iko mashariki, na jioni sayari hutushukia juu ya mapaa na nyaya za umeme. Unguja mjini bahari iko magharibi. Lakini Juni sayari hizi zitashuka kaskazini-magharibi, kwa hiyo nenda siku kadhaa kabla ukaangalie kama kuna jengo au gati litakaloziba.

Mawingu yakikufungia tarehe 9, usikate tamaa. Jioni ya tarehe 8 na ya 10 nafasi kati yake itakuwa karibu ile ile, na jioni ya tarehe 17 mwezi mchanga utakuwa jirani na Zuhura.