HP Z800 ya zamani: Debian, FreeBSD, OpenBSD au Haiku?

chuma_chakavu
Habari wakuu. Nina kompyuta ya kazi nzito, HP Z800: prosesa mbili za Xeon X5650, RAM ya ECC (inayosahihisha makosa yake yenyewe) GB 24, kadi ya picha Quadro FX 1800. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) ambayo humu haimo. Njia za kuilazimisha nazijua, sizitaki. Matumizi: kuandika programu, kuhifadhi mafaili, kuvinjari kidogo. Katika mifumo endeshi hiyo minne ya kwenye kichwa cha mada, upi utawaka bila kunitoa jasho?

mzee_wa_terminali
Mkuu, prosesa isikuumize kichwa. X5650 ni ya 2010 lakini ina SSE4.2 na AES-NI, amri za prosesa ambazo programu nyingi huzitumia. Inachokosa ni AVX, amri mpya zaidi, ndiyo maana RHEL 10 (Linux ya Red Hat) haiigusi kabisa: ule unataka kiwango cha x86-64-v3, ambacho AVX imo. Debian 13 haina masharti hayo, mradi prosesa iwe ya biti 64.

Mashine za aina hii hukwama kwingine, kwenye kadi ya picha na kidhibiti cha diski. Choma Debian Live (inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi) kwenye flashi, buti nayo bila kusakinisha chochote, kisha andika:

`lspci -nnk`

Chini ya kila kifaa utaona draiva inayokitumia. Kisichoonyesha draiva ndicho cha kuulizia. Lete majibu hapa tuache kubahatisha.

chuma_chakavu
Nimerudi. Quadro: nouveau (draiva huria ya kadi za Nvidia). Mtandao wa Broadcom: tg3. Kidhibiti cha diski, LSI SAS1068E: mptsas. Sauti ipo. Ila kuna kioja: diski yangu ya TB 4 inasomeka kama TB 2.2! Debian imeila nusu?

nyaya_na_vumbi
😂 Debian haina kosa. Hiyo 1068E haivuki TB 2 na ushee kwa diski moja, hata uweke mfumo gani. Fungua kasha, chomoa kebo ya diski kwenye bandari za SAS, ichomeke kwenye zile za SATA zinazohudumiwa na chipu ya Intel ubaoni. Zipo sita. Kwenye BIOS, weka SATA iwe katika hali ya AHCI.

Ukishahama, 1068E inakuwa pambo tu, na hilo linakufungulia mlango wa mifumo isiyo na draiva yake.

pepo_mwekundu
Mimi ni wa FreeBSD, sifichi. Kama kuhifadhi mafaili ndiyo kazi kubwa, ZFS (mfumo wa mafaili unaolinda data) imo ndani tayari na hiyo RAM ya ECC ni mwenzake hasa. Lakini niseme ukweli: mazingira ya picha (desktop) kwa Quadro hiyo yatakusumbua. Nouveau huku hatuna, na draiva ya Nvidia inayoifaa ni ya tawi la 340, lililoachwa mwisho wa 2019. Tafuta Radeon ya zamani, au uitumie kama seva tu, ukiingia kwa SSH kutoka kompyuta nyingine.

mzee_wa_terminali
OpenBSD nayo ni hivyo hivyo kwa picha: Radeon sawa, Nvidia utapata skrini ya kawaida isiyo na nguvu. Tena tangu 2018 huzima nyuzi za ziada za prosesa kwa sababu za usalama, kwa hiyo badala ya 24 utaona 12. Usije ukadhani prosesa moja imekufa, nimeshaona mtu akibandua feni kwa hofu hiyo.

jani_bichi
Wote mmeiruka Haiku! Nimewahi kuiwasha kwenye mashine ya rika hilo, beta5 ya Septemba 2024. Inawaka ukiwa bado unavuta kiti. Picha hutumia skrini rahisi iliyoandaliwa na BIOS, bila draiva ya kadi, kwa hiyo Quadro haigombi, ila usitarajie 3D. Kivinjari chake kinahema kwenye kurasa nzito, na kila kitu kinaendeshwa na mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote. Mafaili ya thamani singeyaweka humo. Diski ya pili ya kuchezea, sawa.

chuma_chakavu
Nimehamisha kebo. TB 4 zote zinaonekana. Nimeweka Debian kwenye SSD ndogo, diski kubwa ni ya mafaili tu. Nouveau inatosha, video zinacheza, ingawa feni za Z800 bado zinaunguruma kama kawaida yake.

@pepo_mwekundu nikipata Radeon nitakutafuta. @jani_bichi flashi ya Haiku ninayo mfukoni, naijaribu usiku.

jani_bichi
Ikikataa kuona mtandao, leta matokeo ya `listdev` (amri ya Haiku inayoorodhesha vifaa) hapa hapa.