Madai ya bima yamegeuka kesi ya udanganyifu: tuanzie wapi kujitetea?

Mkoani_Bandarini
Assalaam alaykum. Kituo binafsi cha afya hapa Pemba, chenye huduma za wagonjwa wa nje, maabara, wodi ndogo ya uzazi na chumba cha upasuaji, kimekaguliwa na mfuko wa bima. Madai ya miezi 9 ni 412, yamelipwa jumla ya Sh 24,720,000. Wakaguzi walichomoa 60, wakasema 18 yana kasoro, yaani asilimia 30, kwa hiyo wanataka warejeshewe Sh 7,416,000. Kasoro zenyewe ni hizi: mafaili 3 hayaonekani, fomu 6 hazina saini ya mgonjwa, madai 5 yamepelekwa mara mbili, na 4 ni ya malaria "isiyothibitika". Sasa karani wa madai na daktari mfawidhi wameitwa kutoa maelezo kwa wapelelezi. Yanayotajwa ni kughushi na kujipatia fedha kwa udanganyifu.
Tuanzie wapi? Na zile fomu 6, tukiwatafuta wagonjwa wakasaini sasa hivi, itasaidia?

Vuga_Sheria
Waalaykum salaam. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo la hatari. Msiziguse hizo fomu. Fomu isiyo na saini leo ni uzembe wa mapokezi. Ikitiwa saini baada ya ukaguzi, imekuwa ushahidi uliochezewa, na wakaguzi wana nakala ya ile ya mwanzo. Faili lililopotea nalo msiliandike upya. Likipatikana, andikeni lini, wapi na nani kaliona, basi. Hata kuwafuata wagonjwa majumbani mwachieni wakili. Wengi wao wataitwa kuwa mashahidi upande wa mashtaka, na mtu wa kituo akionekana barazani kwa shahidi, yatasemwa mengine.

Maelezo: wasiende bila wakili, na wasiende kwa wakili mmoja kabla hawajaulizwa kama maslahi yao ni mamoja. Karani akisema "daktari aliniagiza" na daktari akisema "sikuwa najua", wakili hawezi kuwatetea wote wawili. Mtuhumiwa halazimiki kujibu kila swali. Akikubali kuandikwa, asome kila ukurasa kabla ya kutia saini na asahihishe kwa mkono wake palipokosewa. Jibu la kubuni kuhusu dai la miezi 7 nyuma ni baya kuliko "siwezi kujibu bila kuliona faili".

Halafu mjue mko chini ya sheria ipi. Watu huchukua vifungu vya Kanuni ya Adhabu ya Bara mitandaoni. Kwetu si hiyo. Makosa ya jinai yamo katika Sheria ya Adhabu ya Zanzibar Namba 6 ya 2018, mwenendo wa kesi ni Namba 7 ya 2018, na ushahidi ni Namba 9 ya 2016. Kama madai ni ya ZHSF, yaani Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, soma pia sheria ya mfuko, Namba 1 ya 2023. Kama ni bima binafsi, jambo la kwanza ni mkataba wenu nao: muda wa kupeleka madai, muda wa kupinga ukaguzi, na nani anabeba kosa la kadi ya bima. Upelelezi unaweza kufanywa na polisi au ZAECA, mamlaka ya Zanzibar ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, lakini anayeamua kushitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka.

Ikifika mahkamani, hati ya mashtaka isomwe kwa wembe. Kila shitaka lieleze dai gani, tarehe gani, fedha kiasi gani na mshitakiwa alifanya nini. Hati inayosema tu "kati ya mwezi fulani na fulani alijipatia Sh 7,416,000" inapingwa mwanzoni, kabla mshitakiwa hajajibu. Na wadhamini watayarishwe mapema: kitambulisho cha Mzanzibari na barua ya sheha vikikosekana Ijumaa mchana, mtu analala ndani hadi Jumatatu kwa karatasi mbili.

Leja_na_Rejista
Wakili kasema ya mahkama, mimi niseme ya makaratasi, kwani kesi hizi huanguka au kusimama hapo.

Kwa kila dai kati ya yale 18, tengenezeni jedwali la mstari mmoja: namba ya dai, tarehe, mgonjwa alipopokelewa, nani alimuona, kipimo, dawa, fedha. Kisha tafuteni alama ambazo karani wa madai hana mkono nazo: rejista ya mapokezi, daftari la maabara, leja ya dawa, zamu ya siku hiyo, kumbukumbu ndani ya mashine ya kupimia damu. Dai la upasuaji wa uzazi lina kitabu cha chumba cha upasuaji, karatasi ya usingizi na siku za kulazwa. Vitatu vikikubaliana, huduma ilitolewa hata kama faili halipo. Leja ikionesha dawa haikuwamo ghalani siku iliyodaiwa, mwambieni wakili leo, si siku shahidi anapoitoa.

Yale 5 ya mara mbili yana maelezo ya kawaida sana: dai linakataliwa kwa kukosa kiambatanisho, linarekebishwa, linapelekwa tena kwa namba mpya badala ya kufunguliwa lile la zamani. Ombeni mfumo utoe historia ya kila dai na taarifa ya malipo ya benki. Kama limepelekwa mara mbili na kulipwa mara moja, hapo hakuna fedha iliyopatikana. Likiwa limelipwa mara mbili, swali ni kama kituo kilijua na kikanyamaza, na barua pepe za idara ya hesabu ndizo zitakazojibu.

Malaria ndiyo itakayowaumiza msipoieleza vizuri. Unguja na Pemba maambukizi yamekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, na kila anayethibitika huripotiwa kwa simu ili afuatiliwe mpaka nyumbani. Kwa hiyo kazi ya mkaguzi ni nyepesi: anachukua madai yenu ya malaria, anayalinganisha na taarifa za ufuatiliaji, yasiyokutana anayaita hewa. Lakini tazameni daftari la maabara. Mara nyingi mgonjwa alikuja na homa, akapimwa, akaonekana hana. Karani akaandika B54, msimbo wa malaria, kwa sababu kipimo kilikuwa cha malaria. Ilitakiwa R50.9, homa isiyojulikana sababu. Ikiwa mlidai kipimo tu, ni kosa la msimbo. Ikiwa mlidai na dozi ya dawa kwa mtu asiye na vimelea, hilo ni jengine, na msilifunike kwa neno "msimbo".

Na hesabu yao haisimami. Asilimia 30 ni idadi ya madai, wao wameizidisha kwa fedha. Jumlisheni thamani ya yale 18. Tuseme ni Sh 702,000 katika sampuli ya Sh 3,600,000: ni asilimia 19.5, na kwa madai yote inakuja Sh 4,820,400. Kasoro nyingi huwa kwenye madai madogo ya wagonjwa wa nje, ilhali kinachopandisha wastani ni upasuaji. Ulizeni pia zile 60 zilichaguliwaje. Zikiwa zimechaguliwa kwa kuwa zilitiliwa shaka, haziwezi kuwakilisha 412.

Karafuu_Kavu
Mnajichosha. Lipeni hizo milioni saba yaishe.

Vuga_Sheria
Kulipa hakuzimi jinai, Karafuu. Mfuko ukipokea fedha, Mkurugenzi wa Mashtaka hafungwi mikono, na barua ya "tunaomba radhi, tutarejesha" itasomwa kama kukiri. Mkiamua kurejesha sehemu msiyobisha, mfano malipo mawili ya dai moja, barua iandikwe na wakili, itaje namba za madai hayo tu na iseme wazi kuwa si kukubali kosa la jinai. Makadirio yanaweza kutumika katika kudaiana fedha. Katika jinai kila dai linathibitishwa lenyewe, bila ya kuacha shaka ya maana, pamoja na dhamira. Hakuna anayetiwa hatiani kwa wastani.

Mkoani_Bandarini
Ahsanteni sana. Jambo moja sikulitaja: paswedi ya mfumo wa madai ilikuwa moja, wakitumia watu watatu.

Leja_na_Rejista
Hilo ni kisu chenye makali pande mbili. Upande wa mashtaka hautathibitisha kirahisi ni mkono wa nani ulioingiza dai, na karani anasaidika. Daktari mfawidhi ndiye anayebaki wazi, maana ataulizwa kwa nini aliruhusu. Ndiyo maana ya kuwa na mawakili wawili. Ombeni kumbukumbu za kuingia kwenye mfumo, saa na kompyuta iliyotumika, mzilinganishe na zamu: dai lililoingizwa saa 4 usiku wakati karani yuko likizo linasema mengi. Ombeni kwa barua, leo, maana mifumo mingine hufuta kumbukumbu hizo baada ya muda. Na kuanzia sasa kila mtu awe na paswedi yake, lakini akaunti ile ya zamani msiifute. Ifungeni tu.