Ruta iko sebuleni kwangu, nani kawapa ruhusa ya kuibadilisha usiku wa manane?

Mwanzisha mada, Tabata Kimanga
Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili bila matusi, maana najua humu wapo watu wa kampuni za intaneti.

Jumatatu nimeamka, simu yangu iko hewani kama kawaida. Nafungua kibanda chetu cha kuchapa na kutoa kopi, printa haioni mtandao. Simu ya zamani ya mama mkwe nayo inasema neno la siri si sahihi, na neno ni lile lile tangu tufungiwe faiba. Nikazima ruta, kile kiboksi cha waifai, nikawasha. Wapi. Nikaazima pini ya mtandio, nikabonyeza kile kitundu cha nyuma mpaka taa zote zikazima. Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe: ilipowaka, hata simu yangu ikakosa intaneti. Siku mbili nzima nawaelekeza wateja kwa jirani.

Huduma kwa wateja wakaniambia, tena kwa sauti tamu, kwamba usiku wa Jumapili "waliapdeti vifaa ili kuboresha huduma". Hakuna ujumbe, hakuna simu. Swali langu: kampuni iwe na haki ya kubadilisha programu ya ruta iliyo ndani ya nyumba yako bila kukuuliza? Mimi nasema hapana.

Fundi, Kariakoo
Pole kaka. Kabla ya haki na sheria tuanze na printa, maana nakula kwa matatizo haya.

Ruta nyingi zinatoa mawimbi ya waifai ya aina mbili, GHz 2.4 na GHz 5. Ile 2.4 inafika mbali na inapenya ukuta vizuri zaidi, ile 5 ina kasi ila inachoka mapema. Huenda zamani ulikuwa na majina mawili ya waifai, na baada ya apdeti ukabaki na moja. Ndiyo? Basi wameyaunganisha. Pili, huenda ulinzi wa waifai umepandishwa kutoka aina ya zamani, WPA2, kwenda mpya, WPA3. Simu mpya haina shida. Printa ya zamani haijui WPA3 ni kitu gani, na simu ya bibi inaweza kukuandikia neno la siri si sahihi wakati neno ni sahihi kabisa.

Dawa yake dakika tano: unaingia kwenye ruta kwa kivinjari (anwani imeandikwa kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.1.1), unatenganisha majina, ile ya 2.4 unairudisha WPA2. Kwisha.

Kile kitundu ndicho kilikuua. Kuzima na kuwasha hakufuti kitu. Kitundu kinafuta kila kitu, hata jina la mtumiaji na neno la siri la kampuni ambalo fundi wao aliliingiza siku ya kwanza. Ruta yako ilikuwa nzima, ila ilikuwa haijui tena ijitambulishe vipi kwa mtoa huduma. Kila wiki naletewa ruta "imeungua", naifungua, haina ugonjwa wowote.

Kijana, Mbagala
Nyie mna faiba. Sisi bando la wiki linaisha Jumanne 😂

Mchunguzi wa usalama, Mbezi Beach
Mwanzisha mada, nakupa pole lakini nakupinga. Ukisema tuulizwe kwanza, jibu kweli: ungebonyeza kukubali? Wengi wetu simu inaomba apdeti miezi mitatu tunaiambia "baadaye". Ruta haina hata kioo cha kukuomba.

Ruta isiyoapdetiwa inageuka mali ya mtu mwingine. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilikusanya kamera na ruta za majumbani, nyingine zikiwa bado na maneno ya siri ya kiwandani, na Oktoba ile zikatumika kuishambulia Dyn, kampuni inayoelekeza kompyuta zilipo tovuti, hadi tovuti kubwa Marekani zikawa hazifunguki. Mwaka 2018 ikaja VPNFilter: watafiti wa kampuni ya mitandao ya Cisco walikadiria ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 vimeambukizwa, na FBI, wapelelezi wa Marekani, ikawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Wenye ruta hizo wangeulizwa, wangesema zinafanya kazi vizuri. Na kweli zilikuwa zinafanya kazi, ila kwa mabwana wawili.

Hili si suala la sebule yako peke yako. Ni kama choo kinachotiririka: kiko uani kwako, harufu iko kwetu.

Mstaafu, Upanga
Binti yangu, umesema vizuri ila umeruka ukurasa mmoja. Novemba 2016 hiyo hiyo, Ujerumani, ruta za wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya simu ya Deutsche Telekom zilipoteza huduma. Washambuliaji waligonga mlango gani? Mlango wa mtandao (port) namba 7547, ule ambao kampuni huutumia kusimamia ruta kutoka mbali. Sasa mnaniambia mlango huo ukae wazi usiku kucha kwa faida yangu?

Na Oktoba 2023, Marekani, ruta zaidi ya 600,000 za mtoa huduma mmoja zilikufa ndani ya siku tatu. Kufa kabisa, ikabidi watu wapewe nyingine. Mkono unaoweza kutia dawa kwenye ruta laki sita kwa usiku mmoja unaweza kutia sumu pia. Mimi nimenunua ruta yangu mwenyewe Kariakoo, usimamizi wa mbali nimeuzima. Nikitaka apdeti naitafuta mwenyewe.

Mchunguzi wa usalama, Mbezi Beach
Shikamoo mzee. Ya Ujerumani ni kweli, lakini iliponaje? Wateja waliambiwa wachomoe ruta umeme kwa muda, waichomeke tena, ijivutie programu mpya yenyewe. Ugonjwa na dawa vilipita mlango mmoja. Kosa lilikuwa mlango kujibu kila anayebisha, badala ya kumjibu mtoa huduma tu.

Na samahani mzee wangu, mara ya mwisho uliitafuta lini hiyo apdeti?

Mstaafu, Upanga
Marahaba. Hilo swali la uchokozi. Mwaka juzi.

Mama wa watoto watatu, Sinza
Hapo ndipo mlipo! Mimi sijui milango elfu saba. Ninachojua ni umeme. Ruta yetu iliwahi kukatikiwa umeme ikiwa katikati ya kuapdeti, taa ikabaki inapepesa mpaka leo, tumeiweka juu ya kabati kama picha ya marehemu. Wanaopanga apdeti saa nane usiku wanajua kwamba huku LUKU inaweza kuisha muda huo huo?

Fundi, Kariakoo
Mama amesema jambo kubwa kuliko sisi wote. Ruta nzuri inahifadhi nakala mbili za programu. Ikikwama katikati inarudi kwenye ile ya zamani. Nyingi za bei chee hazina kitu hicho. Nunueni kile kibetri cha ruta, kinashika saa kadhaa.

Mwanzisha mada, Tabata Kimanga
Nimesoma yote, na nalegeza kamba, ila siiachii. Dada wa Mbezi amenipata kwenye "baadaye". Nisingekubali kamwe, najijua.

Basi tuseme hivi: apdeti ya kuziba tundu, wapitishe bila kuniuliza, ila nipate meseji siku moja kabla, kwa Kiswahili, yenye saa na neno "usibonyeze kitundu". Lakini kuunganisha majina ya waifai na kubadilisha aina ya ulinzi ni mpangilio wangu, na hapo waniulize. Na waseme ruta hii itaapdetiwa hadi mwaka gani. Uingereza tangu Aprili 2024 sheria inamlazimisha mtengenezaji kutaja muda huo. Sisi tunauziwa boksi tu. Lalamiko nimeshalifungua kwa mtoa huduma wangu na nimechukua namba yake. Wakinizungusha nalipeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Mchunguzi wa usalama, Mbezi Beach
Meseji, sawa. Kuuliza kuhusu ulinzi, bado sikubali. Huo ndio mpangilio ambao watu hawaugusi.

Mstaafu, Upanga
Na mimi mlango wangu nimeufunga.

Mama wa watoto watatu, Sinza
Mzee, umeshaapdeti lakini?

Mstaafu, Upanga
Namsubiri mjukuu atoke shule.

Fundi, Kariakoo
Mwenye mada, printa imekubali?

Mwanzisha mada, Tabata Kimanga
Imekubali. Nilirudisha jina lile lile la zamani na neno la siri lile lile, ikajiunga yenyewe, ikaanza kutoa kazi za tangu Jumatatu. Karatasi rimu nzima imeisha.